Tanga Likishaanuliwa: Mwongozo Kamili wa Kumsimamia Rafiki Yako Aliyefiwa na Mume

Hapa Moshi, chini ya Kilimanjaro, tunajua kuzika. Turubai linafungwa, viti na sufuria kubwa vinakuja kutoka kwa majirani, akina mama wanamenya ndizi tangu alfajiri, na watu wa Dar wanafika kwa mabasi na magari binafsi mpaka njia ya kwenda kihambani, kwenye shamba la ukoo mlimani, inaziba. Mjane hakosi mtu wa kumshika mkono hata dakika moja. Kisha tanga linaanuliwa, viti vinarudishwa, kila mtu anawahi kazini kwake. Baada ya wiki moja mwenzetu amebaki na watoto na simu ambayo haiiti tena.

Mwongozo huu ni wa kipindi hicho, tangu wageni wanapoondoka hadi mwaka wa kwanza unapoelekea mwisho. Nauandika kwa wewe shoga yake: jirani wa Majengo au Pasua, mwenzake wa kikoba, mliyesoma naye, mnayeuza naye sokoni. Ndugu wana nafasi yao, lakini yapo mambo ambayo mjane hawezi kumwambia wifi wala mama mkwe, na hapo ndipo rafiki wa kike anapohitajika kuliko mtu mwingine yeyote.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Ile kauli yetu ya "ukihitaji kitu usisite kuniambia" haimsaidii aliyefiwa. Inampa kazi mpya: afikirie anachohitaji, achague wa kumwomba, ashinde aibu, ndipo apige simu. Hana nguvu hizo. Chukua kitu kimoja kidogo, kipe siku yake, na ukirudie bila kusubiri kuombwa. Yote yanayofuata yanasimama juu ya hilo.

Hatua ya 1: Anza kabla turubai halijashushwa

Wakati wengine wako jikoni, wewe angalia mambo ambayo hakuna aliyeyakumbuka.

Dawa zake kwanza. Wanawake wengi wa rika letu wanatumia dawa za presha au sukari, na siku za msiba vidonge ndivyo vinavyosahaulika. Muulize dada yake au mtoto mkubwa vinakaa wapi, mpelekee mkononi na glasi ya maji, kaa hapo mpaka ameze. Angalia pia tarehe ya kliniki kwenye kadi yake.

Halafu simu ya marehemu. Isizimwe, laini isitolewe, na wala isichukuliwe na mtu "kwa ajili ya kuitunza". Ndiko zinakoingia jumbe za benki, za mkopo, za wadaiwa na wanaomdai. Vivyo hivyo kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, kadi ya gari, karatasi za hospitali na kibali cha mazishi. Vikusanywe kwenye bahasha moja, na bahasha akabidhiwe mjane mwenyewe. Wewe usiishike, na shemeji asiishike.

Mwisho, tafuta wenzako wanne au watano mnaoaminiana. Peke yako utachoka kabla ya mwezi kwisha, na atakayeumia ni yeye.

Hatua ya 2: Pangeni zamu ndogo

Hamu ya mwanzo ni kufanya kila kitu kila siku. Msikubali. Afadhali mtu mmoja aende kila Jumatano kwa miezi sita kuliko watu watano waende kila siku kwa wiki mbili kisha wapotee. Mpango unaowezekana ni huu: mmoja analeta chakula Jumatatu, mwingine anamfanyia soko la Mbuyuni katikati ya wiki akitoka kununua ya kwake, mwingine analala kwake Ijumaa, mwingine anampitia Jumapili kwenda ibadani akipenda. Mteueni mratibu mmoja. Fungueni kundi la simu ambalo yeye hayumo, ili asione mkijadiliana kuhusu maisha yake. Anayesafiri atoe taarifa mapema, pengo lizibwe.

Na pasiwe na picha. Usimpige picha akilia, usiweke chakula ulichompelekea kwenye status, usiandike "tuko na mwenzetu". Akigundua kwamba huzuni yake inapita kwenye simu za watu, atafunga mlango, na atakuwa na haki.

Kama rafiki yako ni Muislamu, zamu ina uzito zaidi. Eda ya kufiwa ni miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito, na muda huo anakaa nyumbani kwake isipokuwa kwa dharura. Soko, dawa na kufuata watoto shule vinahitaji miguu ya mwingine. Yuko mbali na manukato na mapambo pia, kwa hiyo zawadi ya marashi au vipodozi isubiri. Mpelekee kitabu, uzi wa kushonea, tende, na uende ukae naye kibarazani mpige soga, kwani mtu akikaa ndani muda wote huo, siku zinakuwa ndefu mno.

Hatua ya 3: Chakula anachoweza kumeza

Aliyefiwa hatafuni. Wali unamkaa kooni, nyama anaisukuma pembeni ya sahani. Sisi wa mlimani tunayo tiba ya hili miaka yote: mtori. Tunampikia mzazi, tunampikia mgonjwa, na mjane naye anastahili sufuria yake.

Kwa nyumba ya watu wanne chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa, ndizi mshare mbichi nane hadi kumi, kitunguu kimoja kikubwa, karoti moja na chumvi. Chemsha nyama kwenye maji kama lita moja na nusu mpaka ilainike kabisa na mfupa uachie mafuta. Usiharakishe, huu ndio mtori wenyewe. Jipake mafuta ya kula mikononi kabla ya kumenya ndizi ili utomvu usigande, na kila unayoimenya itumbukize kwenye maji isije ikawa nyeusi. Toa nyama kwenye supu, weka ndizi zilizokatwakatwa, kitunguu na karoti, funika. Ndizi zikiiva mpaka zinavunjika kwa kijiko, ziponde humo humo kwenye supu hadi pasiwe na donge. Chambua nyama vipande vidogo sana uirudishe. Malizia kwa kijiko cha siagi au maziwa kidogo. Uwe mwepesi wa kunyweka kwenye kikombe: mtu asiyetaka kukaa mezani atapokea kikombe.

Beba kwenye chombo usichotaka kirudi. Hakuna kinachochosha kama kukumbuka hotpoti ya nani ni ipi na kifuniko kiko wapi.

Usilete mtori kila mara. Wiki nyingine iwe kiburu, yaani ndizi na maharage, watoto wanakipenda na kinashibisha. Au leta maandazi na chupa ya chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi, ukae mnywe pamoja. Kula mbele yake. Akikuona unakula, mkono wake nao utanyooka.

Hatua ya 4: Vitu vidogo vya nyumba na mwili

Hapa ndipo mapenzi yanapoonekana, na hakuna linalohitaji hela nyingi.

Nunua umeme. Mwombe mtoto akupigie picha ya namba ya mita ya LUKU, kisha kila mwisho wa mwezi mnunulie hata wa shilingi 5,000 na umtumie tokeni. Katika nyumba nyingi baba ndiye aliyekuwa akikumbuka umeme, na taa ikizimika saa mbili usiku ndipo mjane anapolia upya. Gesi nayo ni hivyo hivyo: tikisa mtungi kila unapokwenda.

Usiku ni mgumu kuliko mchana. Siku za msiba alilala kwenye godoro sebuleni, amezungukwa na wanawake. Sasa anarudi kwenye kitanda cha watu wawili. Anayelala kwake Ijumaa alale chumba kimoja naye kama atapenda, taa ya nje ikiwaka. Badilisheni mkao wa kitanda, kisogee ukuta mwingine, wekeni shuka jipya. Nguo za marehemu msiziguse mpaka yeye aseme. Wapo wanaozitoa mwezi wa kwanza, wapo wanaoziacha mwaka mzima, na shati moja litabaki siku zote. Shati hilo lisiulizwe.

Mwili nao umechoka. Chemsha maji, mwekee ndoo bafuni, tia tangawizi iliyopondwa au majani ya mchaichai, umwambie tu "maji yako tayari". Akitoka, mpake mafuta miguuni. Juni na Julai Moshi kuna baridi ya kweli na ukungu unakaa mpaka mchana; blanketi zito na soksi ni zawadi yenye akili kuliko maua. Baada ya miezi miwili hivi, mwombe msukane. Kaa nyuma yake na kitana na umsuke mwenyewe, twende kilioni za kawaida tu. Mwanamke akikaa chini kichwa chake kikiwa mapajani kwa mwenzake, anasema mambo ambayo hajamwambia mtu tangu mazishi. Usimkatishe. Endelea kusuka.

Hatua ya 5: Maneno

Yaache haya: "kazi ya Mungu haina makosa", "jikaze kwa ajili ya watoto", "angalau hakuteseka", "bado kijana, utaolewa". Hata yakiwa na ukweli ndani yake, kwa aliyeumia yanamwambia anyamaze.

Sema "pole sana, mwenzangu", kisha nyamaza wewe. Taja jina la marehemu. Watu wanaogopa kulitaja wakidhani watatonesha kidonda, kumbe kinachomuuma zaidi ni jinsi jina hilo lilivyopotea midomoni mwa watu. Mkumbushe alivyokuwa akicheka, alivyokuwa mkali kwenye ada, alivyoshangilia mpira.

Usimletee maneno ya nje: nani alichanga kidogo, wifi alisema nini, yule mwanamke aliyekuja mazishini na mtoto ni nani. Hili la mwisho linatokea, tusijifanye halipo. Likitokea, atataka kulia na kumlaani marehemu saa hiyo hiyo. Mwache afanye yote mawili. Siri hiyo iishie kwako.

Hatua ya 6: Karatasi, na ardhi

Kwa mkoa wetu, hapa ndipo watu wengi wanapompoteza mjane. Hawezi kusoma fomu akiwa na macho yaliyovimba, na wanaomharakisha wanalijua hilo. Kazi yako si kuwa wakili wake. Kazi yako ni kwenda naye, kusimama naye kwenye foleni, na kumkumbusha kila mara kwamba haweki saini kwenye karatasi yoyote ambayo hajaielewa. Jibu lake liwe moja kwa wote: "Nitasoma, nitawajibu."

Anzeni na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na bila cheti hicho benki, mifuko ya hifadhi ya jamii na mahakama hawataendelea. Toeni nakala nyingi.

Kinachofuata ni mirathi. Familia hukaa kikao na kupendekeza msimamizi, na muhtasari wa kikao hupelekwa mahakamani pamoja na maombi. Mjane anaweza kupendekezwa kuwa msimamizi; si lazima awe kaka wa marehemu. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, kwa hiyo kama ndoa ilikuwa ya Kikristo au ya kiserikali ulizeni mapema ni mahakama ipi inayohusika, msije mkapoteza miezi. Akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na hesabu. Msimamizi si mmiliki. Anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi. Mkumbushe rafiki yako hilo hata kama msimamizi ni shemeji anayempenda.

Mafao yana njia yake. Marehemu aliyekuwa sekta binafsi huenda alichangia mfuko wa NSSF. Mtumishi wa umma ni mfuko wa PSSSF. Nendeni ofisini mkaulize mafao ya warithi. Msisubiri barua, kwa maana barua inaweza isije.

Sasa kihamba. Ardhi yetu ya mlimani imerithiwa baba kwa mtoto wa kiume, mipaka imepandwa masale, makaburi ya wazee yako humo humo kwenye migomba. Si jambo la kudharau, na mjane mwenyewe halidharau. Lakini sheria ina neno lake. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Na mali iliyo kwa jina lake, duka lake, kiwanja alichonunua kwa jasho lake, haiingii kwenye mirathi ya mume.

Akianza kutishwa, nyumba ikafungwa kufuli au vitu vikabebwa, msibaki kulalamika jikoni. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji iandikwe. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambulika wanaomhudumia asiye na uwezo bila malipo, na hapa Moshi shirika la KWIECO limefanya kazi hii kwa wanawake miaka mingi. Usimwache aende peke yake mara ya kwanza. Mlango wa ofisi ukifunguliwa na wanawake wawili, anasikilizwa vizuri zaidi. Sisemi ni haki iwe hivyo, nasema ndivyo ilivyo.

Hatua ya 7: Fedha

Michango ya msiba huishia kwenye jeneza, chakula na usafiri. Muulize kwa upole: deni lipi linalia kwanza? Kama yuko kwenye kikoba, wewe nenda kwa katibu uombe marejesho yake yasimame kwa muda bila faini, na muangalie katiba yenu inasemaje kuhusu mfuko wa jamii. Ukimpa hela, mpe faragha, ndani ya bahasha, na usimuulize aliitumiaje.

Hatua ya 8: Watoto

Chukua mtoto mmoja, si wote. Mpeleke kunyoa, mshonee sare Januari, msimamie daftari lake la hesabu. Usimwambie mvulana wa miaka kumi kwamba sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Hakuna mtoto anayeweza kubeba mzigo huo.

Hatua ya 9: Ukiona haya, usingoje

Huzuni haina ratiba, na kulia mwezi wa tano si ugonjwa. Lakini akiacha kabisa kula au kunywa, asipoamka kuhudumia watoto wiki baada ya wiki, akianza kunywa pombe ili alale, akigawa vitu vyake, au akisema angependa kumfuata mume wake, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Kunamfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake usiku huo. Dawa za kupulizia kahawa na nyanya zilizoko stoo ziondoke nyumbani pale leo, pamoja na vidonge vya ziada. Kesho yake nenda naye hospitali. Mawenzi na KCMC wana huduma ya afya ya akili. Mchungaji, padri au shehe anaweza kuja kuomba naye, na ni vyema, lakini maombi yaende sambamba na daktari, yasichukue nafasi yake.

Hatua ya 10: Desemba ya kwanza

Andika kwenye kalenda tarehe ya kifo, siku ya ndoa yao, na Krismasi. Kwa Mchaga Krismasi ndiyo nzito kuliko zote, maana ukoo wote unapanda nyumbani. Mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inanyweka, kila nyumba ina gari mlangoni, na kiti cha mume wake kiko wazi. Kwa kuwa watu wote wapo, vikao vya ukoo navyo huitishwa wakati huo huo, na suala la kihamba likija litakuja hapo.

Kwa hiyo ongea naye mapema, kabla ya Desemba 20. Anataka kwenda au hataki? Yote mawili ni sawa. Akienda, awe na usafiri wake mwenyewe au boda anayoifahamu, ili aweze kushuka mjini saa anayotaka bila kuomba ruhusa. Abebe nakala za karatasi za mirathi, halisi zibaki mjini. Mtu mmoja wa zamu ashike simu mkononi siku ya kikao. Akibaki mjini, asile peke yake: mwalike kwako yeye na watoto, na umpe kazi jikoni, akate kachumbari au asimamie pilau, kwa sababu mgeni aliyekalishwa kwenye kochi siku ya sikukuu anabaki na mawazo yake tu.

Mwaka ukiisha, kaeni naye mpange upya. Zamu ipungue, isikatwe ghafla. Aliyekuwa akileta chakula anaweza kuacha. Muulizeni yeye mwenyewe ni siku gani ya wiki alikuwa akiingoja zaidi, na hiyo iendelee.